Barua kuhusu mtakatifu somo wako

Ndugu yangu Boniface,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo.

Uliniuliza habari za mtakatifu somo wako. Alikuwa Mwingereza, mmonaki wa ufalme wa Wessex, jina lake la kwanza Winfrith. Mwaka 716 alivuka bahari kwenda kuwahubiria Wafrisia, kule ambako leo ni Uholanzi. Akakuta mfalme wao Radbod anapigana na Wafranki. Akarudi mikono mitupu. Wamonaki wenzake wa monasteri ya Nursling, huko Uingereza, wakamchagua awe abate wao, yaani mkuu wa monasteri. Akakataa, akashika njia ya Roma. Mwaka 719 Papa Gregori II akampa jina unaloitwa wewe na kumtuma Ujerumani. Mwaka 722 akamweka wakfu kuwa askofu.

Watu humtaja zaidi kwa ule mwaloni wa Geismar, mti mtakatifu wa mungu Donar, alioukata mbele ya wapagani na mbao zake akajengea kanisa. Ulikuwa ushujaa mkubwa. Ila mimi, ndugu yangu, zilizonishika moyo ni barua zake. Alimwomba abesi Eadburga amnakilie nyaraka za Petro kwa dhahabu, ili wale anaowahubiria wakiyaona Maandiko wayaheshimu. Uzeeni akamwandikia Askofu Daniel wa Winchester, akiomba kitabu cha manabii alichoacha mwalimu wake Winbert, chenye herufi zilizo wazi na zilizoachana, kwa sababu macho yake hayakuweza tena kusoma maandishi madogo yaliyobanana. Na Daniel mwenyewe alikuwa amekwisha kupofuka! Basi katika barua hiyohiyo akamfariji.

Wakati huo alikuwa askofu mkuu, mwenye haki kabisa ya kupumzika. Badala yake alimwachia mwanafunzi wake Lull kazi akarudi Frisia, kulekule alikoshindwa mwanzoni, na akaagiza sanda itiwe katika sanduku la vitabu vyake. Tarehe 5 Juni 754, karibu na Dokkum, alikuwa akiwangoja wabatizwa wapya waje kupata kipaimara. Waliofika ni watu wenye silaha. Aliwakataza wenzake kupigana, akauawa pamoja nao. Akazikwa Fulda, kwenye monasteri aliyoianzisha, na huko kimehifadhiwa hadi leo kitabu chenye majeraha ya upanga, ambacho husimuliwa kuwa alijikinga nacho.

Nitakutafsiria ile barua kwa Daniel. Msomee mzee wetu, kwa kuwa naye macho yamemchoka.

Wako katika Kristo,
Anselm