Shukrani kwa kaka aliyenielekeza kuchora pedi

Namshukuru hadharani kaka wa hapa Malindi, ambaye hakutaka jina lake litajwe, kwa kunielekeza namna ya kuchora pedi za bodi ya saketi, yaani vipande vya shaba ambapo miguu ya vifaa vya umeme hulehemiwa, katika KiCad, programu ya kompyuta ya kuchorea bodi hizo. Aliupima mguu wa rezista (kifaa kinachozuia kiasi mkondo wa umeme), ukawa milimita 0.6, kisha akaeleza kwamba tundu la pedi liwe milimita 0.8 ili mguu uingie bila kulazimishwa, na shaba inayolizunguka ifike kipenyo cha milimita 1.6 ili risasi ya kulehemu ipate pa kushika. Pedi ya kwanza aliifanya ya mraba, nyingine za duara, ili anayepachika vifaa asigeuze upande. Kwa kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) yenye chanya na hasi, hilo ni jambo kubwa. Kaka, Mwenyezi Mungu akulipe kheri.