Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi: Kazi Tulizofanya Pamoja na Udongo, Mawe na Ziwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Viongozi wa serikali ya mtaa na wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo wetu,
Walimu, wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha asubuhi hii, na tunakushukuru wewe kwa kuukubali mwaliko wa wanafunzi na kuteremka mpaka huku mwaloni, kando ya Ziwa Victoria, ambako viatu vya ofisini havirudi salama. Pamoja na shukrani hizo tunaanza kwa kuomba radhi, jambo ambalo si la kawaida katika risala. Kati ya kazi zilizoandikwa kwenye ratiba uliyopewa mlangoni, moja imechukuliwa na mawimbi usiku wa kuamkia leo, na nyingine utaikuta imeishia njiani. Hatukuzembea. Ya kwanza ilitengenezwa ikijulikana kwamba ziwa litaichukua, isipokuwa tulitegemea lingesubiri mpaka ufike. Ya pili ina habari yake, nayo tutaieleza mbele.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu hii ilianza miaka mitatu iliyopita ikiwa na wanachama tisa, brashi nne na makopo mawili ya rangi iliyokwisha kukauka. Tulipomweleza mwalimu mlezi kwamba hatuna rangi, alituuliza kama tumewahi kuutazama udongo tunaoukanyaga kila siku kuja shuleni. Wazee wetu wa Kisukuma waliutazama, wakaupa majina: luseni ni ule wa mchanga mwepesi unaopatikana juu, karibu na vilima vya mawe, ibushi ni ule wenye chokaa, na mbuga ni ule mweusi mzito wa bondeni, unaonata kwenye jembe wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Tukaenda na ndoo. Luseni ulitushinda mapema, kwa kuwa haushikani. Ibushi ulitupa rangi nyeupe tunayoitumia mpaka leo. Lakini ni mbuga uliotufundisha kazi yenyewe.

Picha yetu ya kwanza ilikuwa ya mvuvi akivuta wavu. Tulikandika mbuga uliolowa juu ya ubao, tukachora kwa kijiti, tukaianika juani siku ya Ijumaa tukiwa na furaha kubwa. Jumatatu tulimkuta mvuvi amekatika vipande kama ishirini, na uso wake umegawanyika katikati ya macho. Mwenzetu mmoja alilia, na baadhi yetu tulipendekeza kuchanganya udongo na gundi ili usirudie tabia hiyo. Mwalimu alikataa, akatutaka kwanza tueleze kwa nini umepasuka. Udongo wa aina hiyo hufura ukilowa na kusinyaa ukikauka, na ukisinyaa lazima uachane mahali fulani; hilo tulilisoma darasani bila kulijali. Jipya tuliligundua kwa mikono: ukiukandika mwembamba, nyufa huwa nyingi na ndogo kama magamba ya sato, ukiukandika mnene, huachana kwa mapande makubwa yenye mitaro mirefu. Tangu siku hiyo tunachora kwa unene. Panapohitajika anga tunapaka mwembamba, panapohitajika miamba tunapaka mnene, kisha tunaondoka, na jua linamaliza. Picha kubwa utakayoiona mchangani imetengenezwa hivyo, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kusema kwamba alijua mapema ufa ule mrefu wa kushoto ungepita wapi.

Kwa sababu hiyo tunasema tunafanya kazi pamoja na maumbile, na tunaomba neno hilo "pamoja" lisichukuliwe kuwa la kupamba risala. Kuchora samaki kwa rangi ya dukani ni sanaa nzuri, lakini samaki huyo hana kauli juu ya picha yake. Udongo wa mbuga unayo. Wala hatudai kwamba wazo hili ni letu. Katika ngoma za Kisukuma, ambazo makumbusho ya Bujora pale Kisesa yanatunza habari zake na ambamo vyama vya wachezaji vya Bagalu na Bagika vimeshindania watazamaji kwa vizazi, wapo wachezaji wanaocheza na chatu. Mchezaji amejifunza miaka mingi, ana dawa zake na nyimbo zake, lakini chatu naye ana siku yake, na watazamaji wanasogea karibu kwa sababu wanajua hivyo.

Ng'ambo nako wapo waliopita njia hii. Mwaka 1967 Mwingereza Richard Long alitembea kwenye nyasi akienda na kurudi mpaka nyayo zake zikaacha mstari, akaupiga picha, na mstari huo ndio ulikuwa kazi yake. Mwaka 1970 Mmarekani Robert Smithson alijenga ndani ya Great Salt Lake, katika jimbo la Utah, njia ya mawe meusi na udongo iliyojikunja kama konokono, yenye urefu wa mita zipatazo 460. Baada ya miaka michache maji yalipanda yakaifunika, na ilikaa chini ya maji kwa muda mrefu mpaka ukame ulipoifichua tena mnamo mwaka 2002, mawe yake yakiwa yameganda chumvi nyeupe. Habari hiyo tuliielewa haraka pengine kuliko wanafunzi wa mahali pengine, kwa sababu ziwa letu lilipopanda mwaka 2020 lilimeza uwanja wa mchangani walikochezea kaka zetu, na lilipopanda tena mwaka 2024 lilimeza sehemu yetu ya kuanikia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuseme kidogo juu ya gugumaji, kwa kuwa wageni wengi huliuliza. Mmea huu wenye asili ya Amerika Kusini ulianza kuonekana katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980, na wazazi wetu waliopo hapa wanajua ulivyoziba njia za mitumbwi. Sisi tunakata mashina yake, tunayaanika mpaka yageuke rangi ya hudhurungi, kisha tunayasokota na kusuka. Maua na mizizi hatuviachi ovyo, kwani mbegu zake huweza kukaa kwenye matope kwa miaka mingi na kipande kidogo chenye uhai huchipua upya. Aliye na hamu ya kusuka asije akawa ndiye anayelieneza. Mwaka jana tulisuka mtumbwi wa mita mbili tukauning'iniza kwenye mkuyu. Baada ya wiki moja tuliona upande mmoja umefumuka, tukawashuku wadogo zetu wa kidato cha kwanza, ambao tunawaomba radhi leo hadharani. Mwizi alikuwa fundichuma, ndege yule mwenye kichwa kama nyundo, aliyekuwa akijenga kiota juu ya mti wa pili. Kiota chake ni rundo kubwa la vijiti na matope, na kwa desturi yake hukusanya pia matambara, mifupa na chochote kinachompendeza. Alikuwa akivuta uzi mmoja mmoja kwa subira kubwa kuliko yetu. Tulijadiliana kama tumfukuze, tukaamua mtumbwi uandikwe kuwa kazi ya watu wawili, klabu na fundichuma. Sasa mabaki yote ya kusuka tunamwekea chini ya mti.

Tunarudi kwenye kazi iliyoishia njiani. Nyuma ya uzio wa shule yapo mawe matatu makubwa yaliyobebana, kama yalivyo mengi Mwanza na kama lilivyo lile la Bismarck linalopigwa picha kila siku. Mawe haya ni ya granaiti iliyoganda zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Maji ya mvua yalipenya kwenye nyufa zake yangali chini ya ardhi, yakala pembe zake taratibu, kisha udongo ulioyazunguka ukachukuliwa, yakabaki wazi yakiwa mviringo. Hatukuona sababu ya kuyachonga zaidi. Tuliamua kuandika kivuli chake. Tangu Januari, kila Jumatano, tulisimama pale mchana na kuweka alama ya ibushi mahali inapofikia ncha ya kivuli kinapokuwa kifupi kuliko saa nyingine zote. Kwanza tulijifunza kwamba wakati huo hapa kwetu hauwi saa sita kamili, bali huwa karibu na saa saba, na dakika zake hubadilika. Januari kivuli kilielekea kaskazini, kikafupika kila wiki mpaka katikati ya Machi kikajificha kabisa chini ya jiwe, kisha kikatokea upande wa kusini na kurefuka mpaka Juni. Mwezi wa nane kilikuwa kinarudi. Siku moja tulifika tukakuta moto wa matairi umewashwa juu ya jiwe la juu na nyundo zinalia. Jiwe lilikuwa limeuzwa kwa ajili ya kokoto. Waliokuwa wakipasua walikuwa watu wema waliotafuta riziki, nao walisimama tulipowaeleza, lakini robo ya jiwe ilikuwa imekwisha kuanguka. Alama za ibushi zipo, kivuli chake hakipo tena. Tumeziacha kama zilivyo.

Zipo changamoto nyingine tunazozipitia kwa ufupi. Shindano moja la sanaa lilitukataa kwa kuwa kazi yetu haisafirishiki, na jibu hilo hatukulipinga, maana ni kweli. Pia tunaingia majini kukata gugumaji tukiwa miguu mitupu, na kila mtu wa kando ya ziwa hili anajua habari za kichocho.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba mambo matatu. La kwanza ni jozi kumi na mbili za mabuti marefu ya mpira. La pili ni kamera, hata iliyotumika, kwani mpaka sasa kumbukumbu za kazi zilizokwisha kuchukuliwa na maji zimo kwenye simu ya mwalimu, na simu hiyo ina nyufa nyingi kuliko udongo wetu. La tatu halina gharama: tunaomba msaada wako ili mawe mawili yaliyobaki yaandikwe kuwa hayapasuliwi, na ukanda ulio mbele yake uachwe wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Banda la sanaa hatuombi kujengewa hapo, na hata tukipewa tutalikataa. Kazi zetu hazidumu, na ukanda huo unazitosha.

Baada ya risala hii ratiba inaonesha chai, kisha matembezi ya maonesho. Kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule tunaomba mpangilio ugeuzwe, chai iwe baadaye, kwa sababu upepo wa ziwa huanza kuvuma kuelekea nchi kavu mchana, na ile picha ya mchangani iko hatua nne tu kutoka majini.

Tunakukaribisha, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Njia ni hii ya kulia, kwa tahadhari ya dagaa walioanikwa.

Ni sisi, wanachama wa Klabu ya Sanaa.