Barua ya wazi kwa vijana wa banda umiza, Kigoma Ujiji: kabla hamjasema "kali" au "mbovu"

Wanangu na wajukuu zangu wa Mwanga, Gungu, Katubuka, Kibirizi na huku Ujiji,

Salamu nyingi. Nimesikia mmeunda jopo la kuchagua filamu ya kila Jumamosi kwenye banda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea filamu kwa kiingilio, na nyimbo za kupigwa kabla haijaanza, na kwamba jopo lenyewe limeshagawanyika. Kuna wanaoshikilia kuwa filamu yenye roboti wengi na milipuko mingi ndiyo kali, na kuna wanaosema zote hizo ni upuuzi wa kompyuta. Kwenye muziki mmoja anahesabu watazamaji wa YouTube, mwingine anaapa muziki uliisha na bendi za zamani. Naandika hadharani kwa sababu ubishi huu uko vijiweni kote, na pande zote mbili zinapima kwa kipimo kisichopima.

Ushauri wangu ni mmoja. Kazi yoyote, iwe filamu ya sayansi ya kubuni au wimbo wa dakika nne, hujitungia kanuni mapema. Itambueni kanuni hiyo, mwangalie kama inafuatwa, na pale inapovunjwa muulize imevunjwa kwa faida gani.

Ila kwanza rekebisheni mitambo, maana mabanda mengi hapa mjini yanahukumu filamu ambayo hayajaiona wala kuisikia sawasawa. Filamu nyingi za sasa huja na sauti ya njia sita, ile inayoandikwa 5.1: kushoto, kulia, kati, mbili za nyuma na moja ya besi. Maneno ya waigizaji karibu yote hupita njia ya kati. Ukiwa na spika mbili, na kifaa chako hakichanganyi njia sita kuwa mbili, njia ya kati inapotea: risasi zinanguruma, muziki unajaa banda, waigizaji wanachezesha midomo tu. Mteja anatoka akisema filamu haina mazungumzo. Ingieni kwenye mipangilio ya sauti mchague stirio, ambayo kwenye runinga nyingi imeandikwa PCM, kisha mjaribu na tukio la watu wawili wanaoongea chumbani kabla ya kufungua mlango.

Picha nayo ina yake. Filamu nyingi hupigwa fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde. Runinga nyingi mpya huja zikiwa na kipengele cha kulainisha mwendo, kinachobuni fremu za katikati ambazo hakuna aliyezipiga, na filamu ya gharama kubwa inaishia kuonekana tamthilia ya mchana. Kizimeni. Na ile mistari myeusi juu na chini iacheni; ukiinyoosha picha nyuso zinarefuka, ukiikuza pembeni panakatwa, na pembeni ndiko adui anakotokea.

Halafu nakala zilizotafsiriwa. Wasimuliaji wetu nawaheshimu, wengine wana kipaji kuliko waigizaji wanaowatafsiri. Lakini mtafsiri hushusha sauti ya asili ili yake isikike, na huongeza utani usiokuwemo. Kwa nakala hiyo unaweza kumpima mtafsiri. Muziki na mazungumzo ya filamu huwezi. Jopo liangalie ya asili hata kama Kiingereza hakipandi, wateja wawekeeni ya DJ anayetafsiri.

Sasa filamu yenyewe. Ulizeni: ni kitu gani kimoja kipya kilichomo katika dunia hiyo na kwetu hakipo? Kiandikeni kwa sentensi moja. Kisha kiondoeni kichwani. Kama hadithi inasimama vilevile, bunduki za mwanga mkiweka za kawaida na chombo cha anga mkiweka Land Cruiser, basi hiyo ni filamu ya mapigano iliyovalishwa sare. Inaweza kuwa nzuri, ila msiipe alama za sayansi.

Chukueni The Terminator ya mwaka 1984, ya James Cameron, iliyotengenezwa kwa kama dola milioni 6.4, fedha ndogo kwa Hollywood. Kanuni yake ni kwamba kitu kisicho hai hakipiti kwenye mashine ya wakati. Muuaji ni chuma kilichovikwa nyama hai, ndiyo maana akapita. Anafika uchi, mikono mitupu. Askari aliyetumwa kumzuia naye anafika uchi, bila zile silaha za wakati wake ambazo zingemmaliza adui mapema. Kwa hiyo filamu nzima binadamu anapambana na mashine ya kesho kwa vifaa vya mwaka 1984, na hofu yote inatoka hapo. Kanuni moja, iliyotamkwa mara moja, imebeba saa moja na nusu ya mbio. Linganisheni na zile ambamo ngao ya adui haipenyeki dakika ya 20, halafu dakika ya 100 inapasuliwa na jiwe kwa kuwa stelingi amekasirika. Stelingi hafi, sawa, tumezoea. Basi aokoke kwa njia ambayo filamu ilishatuonyesha.

Makosa ya sayansi msiyahesabu yote sawa. Sauti haisafiri pasipo na hewa, kwa hiyo mlipuko wa angani haupaswi kulia. Filamu nyingi huufanya ulie kwa ajili ya burudani, nasi tunasamehe mradi iwe hivyo mwanzo hadi mwisho. Nisichosamehe ni uzito, kwa sababu jicho la kila mtu linaujua uzito hata kama hakusoma fizikia. Kitu kikianguka hutumia sekunde 1 kwa mita 5, sekunde 2 kwa mita 20, sekunde 3 kwa mita 45. Simu zenu zina saa ya kupima: mtu akidondoka mita 10, sekunde moja na nusu hivi inamtosha. Akielea sekunde nne, na mwendo haukupunguzwa makusudi, hiyo ni katuni. Ukubwa nao una hesabu yake. Ukirefusha umbo mara mbili kwa uwiano uleule, uzito unakuwa mara nane, lakini eneo la mguu unaoubeba linakuwa mara nne tu. Roboti la mita 30 linalorukaruka ulingoni limesahau hilo. Mafundi hulifanya likanyage taratibu, vumbi lichelewe kidogo kupanda, vioo vya jirani vipasuke baada ya hatua.

Mapigano mnayapima hivi: simamisheni picha katikati, mumuulize aliye jirani adui yuko upande gani, mlango uko wapi, nani ameshika bunduki. Akishindwa, lawama ni ya mwongozaji na mhariri wake. Hesabuni pia mikato, mkigonga meza kila picha inapobadilika, kwa dakika moja. Mikato mingi peke yake si kosa. Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, iliyopigwa sehemu kubwa kwenye jangwa la Namibia, ina mikato kama 2,700 kwa saa mbili, yaani wastani wa chini ya sekunde tatu kwa kipande, na bado hupotei. Mwongozaji, George Miller, alitaka jambo muhimu likae katikati ya fremu, hivyo jicho halihangaiki kutafuta upya kila picha inapokatwa. Mhariri wake, Margaret Sixel, alipata Oscar kwa kazi hiyo. Mikato ya kukemewa ni ile inayoficha: mkono unarushwa, picha inakatwa, mtu yuko chini. Pigo hukuliona kwa sababu halikupigwa.

Kisha tazameni dakika kumi bila sauti kabisa, halafu dakika zilezile mkiwa mmeipa runinga mgongo. Bila sauti, mnaelewa nani anataka nini? Kwa masikio peke yake, mnajua ni chumba kidogo au uwanja, chuma au mbao, anakuja au anaondoka? Na muziki unasema jambo ambalo uso wa mwigizaji haujalisema, au unarudia tu? Wahariri wengi, wanapokata picha, hupachika kwa muda muziki wa filamu nyingine, na mtunzi akiitwa anaambiwa alete kinachofanana na hicho. Hapo ndipo zinapotoka zile ngoma nzito na tarumbeta zilezile filamu hadi filamu.

Brad Fiedel, aliyetunga muziki wa The Terminator, alitoka nje ya mstari huo. Hesabu za mdundo wake hazigawanyiki kwa nne: ni 13 kwa 16, yaani vipigo vidogo 13 kila mzunguko badala ya 16 vilivyozoeleka, zilizotokana na mzunguko aliourekodi kwenye kinanda cha umeme na kuufunga nje kidogo ya wakati. Akaupenda, akauacha. Jaribuni kuugonga kwa mguu. Kila mzunguko unaanza kabla hamjawa tayari, na hiyo ndiyo habari ya mashine isiyokusubiri.

Nyimbo za kwetu zipimeni kwa nidhamu hiyohiyo. Tafuteni rekodi za dansi, mathalani za Tabora Jazz alipokuwemo Shem Karenga, mwana wa Kigoma aliyepitia Lake Tanganyika Jazz. Sikilizeni wimbo mmoja mara nne, kila mara mkifuata chombo kimoja tu: besi, gitaa la rithim, gitaa la solo, tumba. Katika dansi lililopangwa vizuri rithim hurudia kipande kifupi bila kuyumba. Besi haipigi kila pigo, inaacha mapengo, na mapengo hayo ndiyo yanayotikisa kiuno. Solo hujibu pale mwimbaji anapovuta pumzi. Hakuna wawili waliokalia kiti kimoja. Ngoma za Burundi, ambazo UNESCO iliziorodhesha kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2014 na ambazo sisi wa mpakani hatukuhitaji kuambiwa na UNESCO, zina mpango wa aina hiyo: ngoma ziitwazo amashakwe hushika mdundo usiokatika, ngoma ya katikati, inkiranya, huongoza, na zile ziitwazo ibishikizo huifuata. Ondoeni amashakwe, mbwembwe za katikati zinakosa pa kusimama.

Kwa hiyo wazee wenzangu wanaoiita singeli kelele wanakosea kipimo. Hesabuni mapigo kwa sekunde 15, mzidishe kwa nne. Singeli itawapa 200 na zaidi. Kasi ni mtindo tu. Cha kuuliza ni kama kuna chombo kinachoshika na kingine kinachocheza juu yake, na kama maneno ya MC yanasikika silabi kwa silabi. Anayeweza hilo kwenye kasi ile ni fundi.

Maneno yapimeni kwa mkazo. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho: katika "nakupenda" uko kwenye "pe". Mtunzi makini huangushia pigo zito hapo. Asiye makini huliangushia "nda" ili apate kina, na sikio linashtuka. Vina vya kitenzi kwa kitenzi, nakupenda na nakuganda, ni vya bei nafuu. Mwenye kufunga kina kati ya jina la mtaa na kitendo, bila kupotosha maana, mwongezeeni alama.

Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji iliyopo tangu mwaka 1997, msiichukie kwa jina. Ikiwekwa taratibu hunyoosha noti usijue. Ikiwekwa kwa kasi ya mwisho ndiyo inatoa sauti ya kiroboti, nayo ni rangi halali. Ila hurekebisha noti tu. Mwimbaji aliyechelewa kuingia atabaki amechelewa, na hapo ndipo mtamkamata.

Jihadharini na ukubwa wa sauti. Wimbo uleule ukiongezwa sauti kidogo, watu wengi watasema umekuwa bora. Sawazisheni kabla ya kulinganisha. Besi msiihukumu kwenye spika ya simu, maana haiwezi kuitoa. Lakini kiitikio kinachokufa kikipigwa kwenye simu kilikuwa kinaishi kwa besi, melodi hakina. Ama idadi ya watazamaji, hiyo inaonyesha waliobonyeza, na kubonyezwa kunaweza kununuliwa kwa matangazo. Tena mfiche majina ya waimbaji, kwa sababu mji huu umezaa mastaa na tunajuana kwa kupendelea wa nyumbani.

Jopo liwe la watu watano au saba. Kila mmoja aandike sentensi tatu kabla hajasikia za mwenzake: kanuni ni ipi, imefuatwa wapi, imevunjwa wapi. Alama zije baadaye. Mkipiga kura zikatoka 9, 9, 2, 2, 2, wastani wake ni 4.8, namba ambayo hakuna aliyeitoa. Filamu hiyo iangalieni tena kabla ya kuitupa. Iliyopata 6 kwa wote iwekeni kwa siku mliyokosa nyingine.

Mkitaka pa kuanzia, tafuteni Neptune Frost ya mwaka 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman. Ilipigwa Rwanda, na hadithi yake iko kwenye milima ya Burundi, hapo tu ng'ambo ya mpaka: wachimbaji wa madini ya koltani, wadukuzi, na watu wanaoimba kwa lugha kadhaa, Kirundi na Kiswahili zikiwemo. Wapenda milipuko watanung'unika. Iangalieni wenyewe kwanza, ina mambo ya watu wazima. Sentensi zenu tatu tatu zibandikeni mlangoni, wateja wazisome wanapolipa kiingilio, na atakayebisha mpeni karatasi aandike zake.

Mzee wenu,
Ujiji