Kaka, wameufagia msimbo wa perf

Salim kaka, za masiku,

Juzi kwenye simu uliniuliza nahangaika nini na perf ya Linux, ile zana ya kupima programu zinavyoitumia prosesa, wakati kazi za watu zinasubiri, nikakujibu juujuu, sasa ngoja nikwambie vizuri.

Prosesa si ina kaunta zake mle ndani, zinahesabu saikoli, maagizo, kashe (memori ndogo ya karibu) inavyokosa na mambo kama hayo. Shida kaunta zenyewe ni chache, ukitaka kuhesabu vitu vingi kwa mpigo kerneli, yaani kiini cha Linux, inabidi ivipange kwa zamu halafu zana ya perf inakukadiria jumla. Msimbo wa kazi hiyo uliingia Linux 2.6.31, mwaka 2009, na tokea hapo kila mtu kaja kubandika lake, Intel, AMD, ARM, hata sehemu nyingine za kerneli kama cgroup na BPF, mpaka faili ya kernel/events/core.c imepita mistari 10,000. Ukiifungua usiku hulali.

Sasa kilichonifurahisha ni pale kwenye perf_event_alloc, ndiyo fankisheni inayotengeneza iventi mpya, yaani kitu kimoja unachotaka kihesabiwe. Zamani ikikwama katikati ilikuwa inaruka kwa goto (amri ya kuruka) kwenda kwenye lebo za chini kabisa, err_per_task, err_pmu, err_ns, kila lebo inafuta kipande chake, yaani ukiongeza kitu kipya lazima ujue kinakaa ngazi ya ngapi. Na wakati huohuo kuna fankisheni nyingine ya kufuta iventi iliyomaliza kazi, inafanya yaleyale! Ukisahau upande mmoja memori inavuja, na hakuna anayeona maana njia ya kukwama haipitwi mara kwa mara. Peter Zijlstra, mmoja wa wasimamizi wa perf kwenye kerneli, akazikata zile lebo, sasa iventi iliyoishia njiani na iliyomaliza maisha yake zinafutwa sehemu moja, pale inaulizwa tu hiki ulishakipata? kama ndiyo kirudishwe, kama hapana tupite. Basi. Kwangu mimi huko ndiko kurahisisha, siyo kupunguza mistari ili ionekane mifupi.

Halafu kuna hizi guard, zilikuja na Linux 6.5 mwaka 2023, unashika loki (kufuli la kuzuia wawili wasiguse kitu kimoja kwa pamoja) na ikifika mwisho wa mabano inajiachia yenyewe, hata ukitoka na return katikati. Hapa sikufichi bado nasitasita kidogo, mimi napenda kuona kwa macho loki inaachiwa wapi, hasa perf ambayo kaunta ikifurika inaweza kukukatiza popote kwa NMI, ukatizaji usiozuilika. Ila ukizitumia usizichanganye na goto kwenye fankisheni moja, utajilaumu.

La mwisho, kabla ya Linux 6.2 kila taski (programu inayoendeshwa) ilikuwa na konteksti mbili, yaani orodha za kuwekea iventi zake, ya hadwea na ya softwea, kana kwamba mashine ina kaunta za aina moja tu. Zikaja prosesa zenye kora kubwa na ndogo pamoja, ARM wakatangulia, Intel wakafuata na prosesa zao kama Alder Lake, ule mpango ukawa viraka vitupu. Sasa taski ina konteksti moja, na ndani yake kila aina ya kaunta ina kikapu chake.

Wewe laptop yako si ni ya Alder Lake? Piga perf stat -a sleep 5 unitumie inachotoa, utaona cpu_core (kora kubwa) na cpu_atom (kora ndogo) kila moja na mistari yake, nataka kulinganisha na hii yangu ya zamani. Na shemeji msalimie sana.

Wako,
Hamadi