Salamu za Shukrani kutoka kwa Familia ya Marehemu Kijana Wetu

Sisi wazazi, ndugu na jamaa wa marehemu kijana wetu, aliyefariki dunia baada ya moyo wake kusimama akiwa katika mazoezi ya mbio, tunatoa shukrani zetu za dhati kwa wote walioshirikiana nasi tangu alipoanguka hadi tulipomlaza katika nyumba yake ya milele. Tunamtanguliza Mwenyezi Mungu, aliyetupa kijana huyu, akatuachia kwa muda alioupenda Yeye, kisha akatujalia nguvu za kusimama kaburini ambazo sisi wenyewe hatukuwa nazo.

Wengi wenu mlimfahamu kuwa mgonjwa wa kifafa, na ndivyo tulivyoamini sisi pia. Tangu utotoni alikuwa akianguka ghafla, mwili ukikakamaa na kutukutika, na baada ya kitambo kifupi huamka akiuliza kwa nini tumemzunguka. Kipimo cha umeme wa ubongo hakikuonyesha kasoro, lakini tulielezwa kwamba hata mwenye kifafa anaweza kupimwa na asionekane na kitu, jambo ambalo ni la kweli, naye akazimeza dawa zake kwa uaminifu mpaka siku ya mwisho. Hatumlaumu mtu yeyote. Anayemkuta mgonjwa tayari yuko chini anatukutika hawezi kujua kwa kumtazama tu kwamba kilichotangulia ni moyo.

Siku zilizotuelemea zaidi ni zile za chumba cha wagonjwa mahututi. Moyo ulikuwa umerudishwa, kifua kinapanda na kushuka kwa msaada wa mashine, nasi tukawa tunamshukuru Mungu tukidhani hatari imepita. Ndipo mwili ukaanza tena kutukutika, safari hii kwa muda mrefu na bila kuamka. Daktari bingwa wa moyo alitukalisha usiku ule akatueleza kwa upole tusiousahau. Alisema kwamba damu ikikoma kufika kichwani, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hivi, na ubongo uliokosa damu unaweza kuurusha mwili mithili ya kifafa. Mapigo yakijirekebisha, mgonjwa huamka upesi na akili zake timamu, kama alivyokuwa akiamka mwenetu miaka yote. Uwanjani mapigo hayakujirekebisha. Ubongo ulikaa mno bila hewa safi, ukaumia, na jeraha hilo sasa ndilo lililokuwa likizaa degedege iliyotoka ubongoni kwenyewe. Kwa hiyo mtoto mmoja alipatwa na mambo mawili yanayofanana kwa sura, na yote mawili chanzo chake kilikuwa moyo. Alipigania uhai wake, na sisi tukapigania pamoja naye kwa maombi, mpaka Mola alipoamua vingine.

Tunamshukuru kipekee daktari huyo, kwa sababu hakuishia kwa marehemu. Karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo ilionyesha hali ambayo wataalamu huiita QT ndefu, ambapo moyo huchukua muda mrefu kupita kawaida kujiandaa kwa pigo linalofuata, na mapigo yanaweza kuvurugika ghafla, hasa mtu anapokimbia, anapoogelea au anaposhtuliwa. Lakini moyo uliotoka kusimama unaweza kuonyesha dalili hiyo hiyo kwa muda, hivyo akaomba kutupima sisi tulio hai. Mama mzazi akakutwa nayo, na binti yetu mdogo pia. Mama alikumbuka ndipo kwamba alizirai mara kadhaa ujanani na watu wakasema ni uchovu. Tulielezwa kwamba mzazi mwenye hali hii kwa kawaida ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto, na tulipokata tamaa, daktari alitusimulia kwamba mwaka 1957 Jervell na Lange-Nielsen, madaktari wa Norwei, waliandika habari za familia moja ambayo watoto wake wanne walikuwa viziwi na wenye kuzirai, na watatu kati yao wakafariki wangali wadogo. Siku zile tiba haikuwapo. Leo mama na binti wanameza dawa za kutuliza mapigo, wanayo orodha ya dawa za kujiepusha nazo, zikiwemo baadhi za kuua vijidudu, na binti anafuatiliwa ili ijulikane kama atahitaji kupandikizwa kifaa cha kushtua moyo. Kwa hao wawili, Ee Mungu, tunakushukuru hata katikati ya msiba.

Yupo kijana aliyekuwa akikimbia naye siku ile. Wengine walipotafuta kitu cha kumtia mdomoni (jambo lisilofaa hata kwa kifafa chenyewe), yeye aliona kwamba hapumui, akapiga magoti, akaanza kumkandamiza kifua kwa kasi aliyofundishwa, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wala hakuacha mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Mwanetu, tunajua unajiuliza kama ungeweza kufanya zaidi. Hukubakiza kitu. Ni kwa mikono yako tuliweza kumshika akiwa bado na joto na kumuaga.

Yupo pia shangazi yake, aliyekuwa akiandika katika daftari kila alipoanguka: alikuwa anafanya nini, uso ulikuwa na rangi gani, aliamka baada ya muda gani. Karibu kila mstari ulitaja mbio, mpira au kushtuliwa, na karibu kila mara uso ulipauka kabla ya mwili kutukutika. Daktari alilisoma daftari hilo lote kwa utulivu, na alisema limemsaidia sana kuelewa.

Tunawashukuru pia wauguzi wa zamu zote, viongozi wa dini waliotuombea, walimu na wanafunzi wenzake, majirani, wafanyakazi wenzetu, waliochanga fedha, waliochangia damu, waliotuletea viti na maturubai, waliopika, waliolala nasi sebuleni, waliosafiri usiku, na waliotupigia simu tukashindwa kupokea.

Ndugu wenye wagonjwa wa kifafa mlioanza kutuuliza, tafadhali msiwaachishe dawa kwa sababu ya habari zetu. Kifafa kipo na dawa zake zinafanya kazi. Kama mgonjwa wenu huanguka akiwa katika mbio, au katika ukoo yupo aliyefariki ghafla akiwa kijana, mwelezeni daktari hayo na mwombe moyo nao upimwe.

Tunajua wapo wengi ambao hatukuwataja, na pengine wamo waliotusaidia kuliko tuliowataja. Tulipokea mikono mingi macho yakiwa yamejaa machozi, na daftari la rambirambi lina majina ambayo hatukuweza kuyasoma. Tunawaomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa, na tunawasihi mzipokee salamu hizi kana kwamba kila mmoja ameandikiwa peke yake. Mwenyezi Mungu awalipe kheri, na aiweke roho ya mpendwa wetu mahali pema peponi. Amina.

Ni sisi wazazi, kaka, dada, shangazi na ukoo mzima wa marehemu.