Mawaziri wa Uingereza hubanwa kwa makaratasi, si kwa makelele ya Jumatano

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu Bunge la Uingereza niliisoma mpaka mwisho, na ina mambo mawili ambayo siwezi kuyaacha yapite.

La kwanza ni dogo. Mliandika kwamba Mahakama ya Juu ya London iliifuta sheria ya kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi. Haikuwa hivyo. Tarehe 15 Novemba 2023 majaji watano walisema kwa kauli moja kwamba mpango wa serikali si halali, kwa kuwa watu wale wangekuwa katika hatari ya kurudishwa kwenye nchi walizozikimbia. Kilichozuiwa ni mpango wa waziri. Sheria iliyotungwa na Bunge haifutwi na jaji yeyote wa Uingereza. Anachoweza kufanya ni kutamka kwamba inakiuka haki za binadamu, na sheria hiyo inaendelea kutumika hadi Bunge lenyewe litakapoamua kuigusa. Ndiyo maana serikali ya Rishi Sunak ilirudi bungeni, na Aprili 2024 ikapata sheria inayotamka kwamba Rwanda ni nchi salama. Majaji walikuwa wamepima ushahidi wakaona si salama kwa watu wale. Wabunge wakapiga kura kwamba ni salama. Kisheria kura ikawa juu. Mpango wenyewe ulikuja kuuawa na uchaguzi wa Julai mwaka huohuo.

La pili ndilo lililonishikisha kalamu. Makala yenu inamfanya msomaji aamini kwamba serikali ya kule huwajibishwa Jumatano adhuhuri, Waziri Mkuu anaposimama kwa nusu saa huku wabunge wakizomea. Ile ni ngoma, na mwenye ulimi mwepesi huicheza bila kutokwa na jasho. Hata sisi tunaofuatilia maswali ya papo kwa papo ya Alhamisi kule Dodoma tunalijua hilo. Mahali serikali ya Uingereza inapobanwa hasa ni kwenye makaratasi: waraka ambao mtu fulani angependa usionekane, na mtu mwingine mwenye mamlaka ya kuudai.

Chukueni mkasa wa Amber Rudd. Aprili 2018 Uingereza nzima ilikuwa inazungumzia watu wa kizazi cha Windrush, Wakaribiani waliofika kihalali tangu 1948 na uzeeni wakaambiwa ni wahamiaji haramu. Wengi hawakuwa na cha kuonyesha, na kadi za kuingilia nchini ambazo zingewasaidia zilikuwa zimeharibiwa na wizara yenyewe mwaka 2010. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa waliopotea daftarini walikuwa watu. Tarehe 25 mwezi ule Rudd, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliketi mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa chini ya Yvette Cooper. Akaulizwa kama wizara yake ina malengo ya idadi ya watu wa kuondolewa nchini. Akajibu kwamba hawafanyi kazi namna hiyo. Siku mbili baadaye gazeti la Guardian likachapisha habari za waraka wa ndani wa 2017 uliotaja malengo hayo kwa tarakimu. Tarehe 29 Rudd akajiuzulu, akikiri kwamba aliipotosha kamati bila kukusudia. Bungeni angeweza kupiga chenga, kwa sababu pale swali ni moja na mwenye zamu mwingine anasubiri. Mezani kwa kamati swali hurudi, hugeuzwa, hurudi tena, na jibu huandikwa neno kwa neno. (Julai 2024 Cooper mwenyewe akawa Waziri wa Mambo ya Ndani, akahamia kwenye kiti cha kujibu.)

Nguvu ya kamati hizi haikushuka kutoka mbinguni. Hadi 2010 wanadhimu wa vyama, yaani wasimamizi wa nidhamu ya wabunge wao, ndio waliokuwa na neno kubwa katika kupanga nani akae kamati gani. Tangu hapo wenyeviti wengi huchaguliwa na wabunge wote kwa kura ya siri, na mwenyekiti ambaye hadaiwi cheo chake na Waziri Mkuu huuliza kwa namna tofauti. Kamati ya Hesabu za Serikali, iliyoanzishwa mwaka 1861 wakati Gladstone akiwa Waziri wa Fedha, huongozwa na mbunge wa upinzani. Nayo haimwiti waziri kwanza. Humwita katibu mkuu wa wizara, ambaye ndiye afisa masuuli, yaani anayejibu kwa kila pauni. Afisa masuuli akiona matumizi fulani hayana tija, anatakiwa amwombe waziri maelekezo ya maandishi, na nakala huenda kwa Mkaguzi Mkuu na kwa kamati. Aprili 2022 katibu mkuu wa Mambo ya Ndani, Matthew Rycroft, aliomba maelekezo hayo kuhusu mpango wa Rwanda, na waziri Priti Patel akayaandika. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kulikuwa na karatasi inayosema mtaalamu alisita, mwanasiasa akaamuru. Desemba 2023 Rycroft huyohuyo aliwaandikia wenyeviti wa kamati mbili kwamba Rwanda imekwisha kulipwa pauni milioni 240. Hakuna ndege iliyokuwa imepeleka mwomba hifadhi hata mmoja chini ya mpango ule.

Kama wasomaji wenu wanaona haya ni ya Ulaya, wawakumbuke waliouawa Hola. Machi 1959, kwenye kambi ile ya Kenya ya kikoloni iliyo jirani na mto Tana, watu 11 waliokuwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau walipigwa na walinzi hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya wakoloni ilidai walikufa baada ya kunywa maji. Barbara Castle wa chama cha Labour aliliandama jambo hilo, na Julai, usiku wa manane, Enoch Powell, mbunge wa Conservative, alisimama bungeni akaishambulia serikali ya chama chake mwenyewe kwa hotuba ambayo inasifiwa mpaka leo. Hakuna waziri aliyejiuzulu. Hotuba tamu, kaburi kimya.

Ikachukua nusu karne. Mwaka 2009 wazee kutoka Kenya walifungua kesi Mahakama Kuu ya London kuhusu mateso ya kambini, na serikali ikajitetea kwamba lawama zilihamia Nairobi pamoja na uhuru. Kesi ikiendelea, mwaka 2011, Wizara ya Mambo ya Nje ikalazimika kukiri kwamba inayo majalada yapata 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani, yaliyofichwa Hanslope Park, kituo cha serikali, badala ya kupelekwa kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa. Ya Kenya yalikuwemo, yaliyokuwa yamesafirishwa kabla bendera haijashushwa. Oktoba 2012 Jaji McCombe alikataa hoja kwamba muda umepita, na sababu mojawapo ni kwamba maandishi ya kutosha yapo. Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, akasimama bungeni kueleza masikitiko ya serikali na kutangaza pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa watu 5,228. Dhima hakuikubali. Na kesi nyingine ya Wakenya zaidi ya 40,000 ilitupwa mwaka 2018, safari hii kwa hoja ileile ya muda.

Sisemi mfumo wao hauna matobo. Mwaka 2018 Dominic Cummings, aliyeongoza kampeni ya kujitoa Umoja wa Ulaya, alikataa wito wa kamati, Aprili 2019 Bunge likamkaripia kwa azimio, naye akaenda zake; Julai mwaka huohuo akaingia ofisi ya Waziri Mkuu akiwa mshauri mkuu. Lakini Septemba ya 2019 hiyohiyo Waziri Mkuu Boris Johnson alipolifunga Bunge kwa wiki tano, serikali haikumleta waziri wala ofisa wa kuapa mbele ya mahakama kueleza kwa nini wiki tano. Majaji 11 waliuona mwanya ule. Kwa kauli moja wakasema hawakupewa sababu yoyote, na Bunge likafunguliwa kesho yake. Mwaka 2023 serikali iliishtaki hata tume ya uchunguzi wa Covid iliyoundwa na Johnson mwenyewe, ili isilazimishwe kukabidhi jumbe zake za WhatsApp. Ikashindwa.

Ombi langu basi: mpunguzieni Jumatano nafasi ukurasani. Vikao vya kamati hurushwa bure mtandaoni na maandishi yake hutolewa, na hukumu za Mahakama ya Juu huja na muhtasari wa kurasa chache. Mkikosa pa kuanzia, anzeni na barua ya Rycroft ya Desemba 2023. Ni fupi, na inahusu jirani yetu.

Msomaji wenu,
Tanga