Diski ikijaa si lazima ununue kipakatalishi kipya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie wanafunzi, wazazi na wafanyabiashara wadogo wa jiji hili ambao, kipakatalishi kinapoonyesha kwamba hifadhi imejaa, huambiwa madukani kuwa dawa ni kununua kingine. Mimi hufundisha masomo ya tarakilishi hapa Nairobi, na ushauri huo huniudhi kwa sababu mara nyingi si wa kweli, tena humwumiza asiye na pesa za kutupa.

Vipakatalishi vingi vinavyouzwa katikati mwa jiji, kuanzia Luthuli Avenue hadi Moi Avenue, vilitumika ng'ambo kabla ya kufika huku, na vingi kati yavyo ni mashine za ofisini zilizoundwa ili zifunguliwe na kukarabatiwa. Ukiigeuza mashine ya aina hiyo na kufungua skrubu za kifuniko cha chini, mara nyingi utaikuta diski ya inchi 2.5 ambayo fundi anaweza kuichomoa kwa dakika chache na kuweka mahali pake SSD (hifadhi ya chipu isiyo na sehemu zinazozunguka) inayotumia kiunganishi kilekile cha SATA. Katika mashine mpya zaidi utakuta tundu la M.2, linalopokea SSD iliyo kama kibao chembamba chenye upana wa milimita 22 na, kwa kawaida, urefu wa milimita 80. Hapa ndipo wengi hupoteza pesa zao, kwa kuwa vibao hivyo ni vya aina mbili, SATA na NVMe (njia mbili tofauti za kuwasiliana na mashine), vinakaribiana mno kwa sura, na mashine iliyoundwa kwa ajili ya aina moja huenda isiitambue nyingine hata kama kibao kimeingia vizuri. Modeli ya mashine imeandikwa chini yake. Itafutwe kwanza ijulikane inakubali nini, ndipo mtu atoe pesa mfukoni.

Mwenye mashine ya zamani iliyo na kisomaji cha DVD ana nafasi nzuri zaidi, kwani kisomaji hicho, ambacho ni wachache wanaokitumia siku hizi, huweza kutolewa na mahali pake pakawekwa kibebeo cha diski ya pili. Sharti unene upimwe, kwa sababu kuna vya milimita 12.7 na vya milimita 9.5. Kwa mwanafunzi wa kawaida, mimi hupendekeza SSD ya gigabaiti 256 kwa ajili ya mfumo endeshi (kama vile Windows) na programu, kisha diski ya zamani, ikiwa bado ni nzima, iendelee kubeba picha, video na kazi za chuo. Asiye na nafasi ya diski ya pili anaweza kuitia ile ya zamani katika kesi ya nje yenye kebo ya USB 3.0, nayo ikawa hifadhi ya kubeba mkononi. Kwa vyovyote vile, diski iliyotolewa isiachwe kwa fundi, maana ina nakala za vitambulisho, vyeti na picha za familia.

Wapo wasio na njia hiyo. Vipakatalishi vidogo vya bei nafuu vyenye gigabaiti 32 au 64 za eMMC, yaani chipu ndogo ya hifadhi, vina hifadhi iliyochomelewa kwenye ubao mama, na fundi anayeahidi kuibadilisha kwa bei rahisi hasemi kweli. Wenye mashine hizo watumie kadi ya microSD ikiwa tundu lake lipo, au diski ya nje. Hifadhi ya mtandaoni nayo husaidia kwa nyaraka, kwani Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, ingawa kiasi hicho kinajumuisha barua pepe na picha, na kupakia video kwa bando za simu ni gharama nyingine.

Linalonisikitisha kuliko yote ni flashi na diski za nje za bandia. Mwanafunzi wangu mmoja alileta flashi iliyoandikwa terabaiti 2, aliyoinunua kwa bei ambayo haingetosha hata ile ya gigabaiti 128 iliyo halali. Tarakilishi ilionyesha terabaiti 2 kamili, naye akanakili faili zake zote bila onyo lolote. Zile za kwanza zilifunguka. Zilizofuata zilikuwa na majina na ukubwa sahihi, lakini ndani hamkuwa na kitu. Kidhibiti cha flashi kama hizo, yaani chipu inayoiongoza hifadhi, hubadilishwa ili kitangaze nafasi isiyokuwepo, na kinachoandikwa baada ya nafasi halisi kwisha hupotea au hufuta kilichotangulia. Programu za bure kama H2testw kwa watumiaji wa Windows, au F3 kwa wale wa Linux, huijaza hifadhi nzima kisha huisoma upya, na hapo uongo hufichuka. Kazi hiyo ifanywe kabla ya kuhamisha faili hata moja, na faili za awali zisifutwe mpaka nakala zifunguliwe na kuonekana ziko sawa.

Tatizo ni kwamba kuipima hifadhi kubwa huchukua saa nyingi, wala mteja hawezi kusimama dukani muda wote huo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012. Kwa hivyo naiomba Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi izikague flashi, kadi na diski za nje kwa kuzipima uwezo wake halisi, badala ya kutazama nembo na pakiti tu. Wenye maduka nao nawaomba waandike katika risiti ukubwa wa hifadhi waliyouza, na wakubali kuipokea na kurudisha pesa ndani ya wiki moja endapo kipimo kitaonyesha pungufu.

Mwalimu wa tarakilishi,
Nairobi